Kocha kashinda mechi 2,029 na kombe la taifa hana hata moja: mkubwa au hodari wa ligi tu?

#1 Kiberenge
Wakuu salama? Jana nimebishana na shemeji yangu anayeishi Florida mpaka bando likakata, ishu ni kocha mmoja wa besiboli ya vyuo anaitwa Mike Martin wa Florida State (FSU). Shemeji anasema huyo mzee ndo kocha mkubwa kuliko wote waliowahi kufundisha besiboli ya chuo Marekani. Nikaingia kucheki. Kweli CV inatisha: kakaa kiti kimoja misimu 40, 1980 mpaka 2019, kashinda 2,029 kapigwa 736 sare 4, hakuna msimu alioshinda chini ya mechi 40, hakuna msimu aliokosa mtoano wa taifa, na kapeleka timu fainali za Omaha mara 17.

Sasa fungua kabati la makombe ya taifa. Hamna kitu. Mara 17 unaenda na begi unarudi na begi.

Msimamo wangu ni huu na sitoki: huyo ni sawa na mwalimu wa twisheni ambaye wanafunzi wake wanaua mock zote halafu NECTA wanatoka na four. Hodari wa ligi tu. Anayebisha aje na hoja, matusi peleka jukwaa la siasa.

#2 Chapati_Mbili
Siti ya mbele, karanga ninazo. Ngoja wajuzi waje.

#3 Binti_Makorora
Jamani kabla hamjaanza kurushiana mawe, mchezo wa CHUO kocha anakaaje miaka 40? Si mambo ya SHIMIVUTA hayo, mnacheza wiki mbili mnarudi darasani?

#4 Mlinzi_wa_Zamu
Dada kule michezo ya chuo ni biashara kamili. Msimu unaanza katikati ya Februari, mechi za kawaida 56, halafu mitoano. Tangu 1999 zinachaguliwa timu 64, zinagawanywa vituo 16 vya timu nne nne, washindi 16 wanakutana wawili wawili anayetangulia kushinda mechi mbili anapita, zinabaki 8 ndo zinaenda Omaha, Nebraska, mwezi wa sita. Pale unaruhusiwa kupoteza mara moja, ya pili unafunga virago. Makocha wa juu siku hizi wanavuta zaidi ya dola milioni kwa mwaka. Zamani haikuwa hivyo lakini, Rod Dedeaux wa USC alikuwa na kampuni yake ya malori, chuo kilikuwa kinamlipa dola 1 kwa mwaka. Dola moja. Na huyo ndo mwenye makombe 11.

#5 Chapati_Mbili
Dola 1 kwa mwaka na makombe 11, halafu kuna watu hapa wanadai posho ya kikao cha kupanga kikao.

#6 Hesabu_Kali
Kiberenge ngoja nikupigie hesabu polepole. Omaha wanaingia 8. Tufanye wote wako sawa, kila mmoja ana nafasi moja kati ya nane. Nafasi ya kukosa ni 7 kwa 8. Ukienda mara 17 nafasi ya kukosa zote ni 7/8 ukizidisha yenyewe kwa yenyewe mara 17, inakuja kama asilimia 10. Yaani katika makocha kumi wa aina yake, mmoja anarudi mikono mitupu kwa bahati tu bila kosa lolote. Mchezo wenyewe ni wa bahati sana, Martin mwenyewe na ukubwa wake wote alikuwa anapoteza zaidi ya mechi moja kwa kila nne.

Na mfano wa bahati ni huu hapa. Fainali ya 1996, Miami wanaongoza LSU (chuo cha Louisiana) 8-7, awamu ya tisa, LSU wamebakiza mtu mmoja kutolewa mechi iishe. Anakuja Warren Morris, kijana alikuwa ameumia mkono na msimu mzima hajapiga homurani hata moja. Kapiga mpira wa kwanza ukatoka nje ya uzio, 9-8, kombe la LSU. Sasa niambie hapo kocha wa Miami kakosea nini.

#7 Kiberenge
Asante mkuu kwa kunisaidia. Umesema asilimia 10 kama WOTE WAKO SAWA. Ila nyie si mnasema Martin ni bora kuliko wenzake? Kama ni bora basi nafasi yake ilikuwa kubwa kuliko moja kwa nane, na kukosa mara 17 kunazidi kuwa ajabu. Hesabu yako inanitetea mimi.

#8 Chapati_Mbili
😂😂 kajifunga. Hesabu_Kali tuliza mshono.

#9 Hesabu_Kali
Haijifungi. Nimesema bahati inaweza kueleza, sijasema ndo inaeleza yote. Soma tena.

#10 Bata_la_Baton_Rouge
Wasee niaje. Mimi nilisoma Louisiana, LSU yenyewe, na pale besiboli ni dini. Acheni niwaambie kitu, issue ya Martin ni style. Timu zake zilikuwa na wapigaji wavumilivu ajabu, wanasimama pale hawarushi kigongo kwa mpira mbovu, pitcha (mrusha mpira) anachoka, wanapewa besi za bure, boom, score ni 12-3. Hiyo inaua timu za katikati ya wiki zenye pitcha wa kubahatisha. Ukifika Omaha unakutana na pitcha ambaye kila mpira anauweka ndani ya boksi, sasa unasubiri nini? Unasimama tu unaangalia mpira ukipita. Ligi inakupa ushindi 50, Omaha inakurudisha home.

Kocha wetu Skip Bertman alienda fainali ya mwisho mara tano akabeba zote tano: 1991, 1993, 1996, 1997, 2000. Martin kafika fainali ya mwisho mara mbili, akapoteza mbili. Hiyo si bahati buda.

#11 Mlinzi_wa_Zamu
Bata hoja ya pitcha ina shimo. 1986 FSU walikuwa na Mike Loynd, pitcha, kashinda mechi 20 msimu ule na akachukua Golden Spikes ambayo ndo tuzo ya mchezaji bora wa nchi nzima. Na mwaka huohuo ndo walifika fainali. Wakapigwa na Arizona 10-2. Kwa hiyo pitcha walikuwa naye.

#12 Bata_la_Baton_Rouge
Pitcha MMOJA. Omaha unacheza mechi tano sita ndani ya siku kumi, mkono wa mtu mmoja haufiki. Umenipa point.

#13 Mlinzi_wa_Zamu
Sasa kila anayekupinga anakupa point.

#14 Fundi_Saa_Ilala
Mimi hata sheria za huu mchezo nazijua nusu ila nauliza, hiyo 1999 ilikuwaje? Maana nimesoma mahali kwamba mchezaji wa FSU alitajwa bora wa mashindano na kombe wakakosa.

#15 Mlinzi_wa_Zamu
Marshall McDougall huyo. Mwezi wa tano 1999 ugenini kwa Maryland alipiga homurani SITA kwenye mechi moja, mara saba kusimama mara saba kafaulu, mikimbio (ndo pointi za huu mchezo) 16 imeingia kwa kigongo chake peke yake. Omaha akaendelea hivyohivyo mpaka akapewa mchezaji bora wa mashindano. Fainali ilikuwa mechi moja enzi hizo, Miami 6 FSU 5. Mkimbio mmoja. Tangu 2003 fainali ni anayeshinda mbili kati ya tatu, kwa hiyo mtu unaweza kujiuliza kama 1999 wangecheza kwa utaratibu wa sasa.

#16 Kiberenge
Kama kama kama. Kama bibi angekuwa na ndevu tungemwita babu.

#17 Mama_Neema_TX
Habari zenu wanangu. Mimi siyo mtu wa kubishana na vijana ila hili nimeliona kwa karibu kwa sababu mwanangu wa pili anacheza besiboli, yuko chuo cha miaka miwili hapa Texas. Mnaongea kama kocha anaokota wachezaji sokoni. Hebu mjue skolaship zilivyokuwa: kwa miaka mingi timu nzima ya besiboli ya daraja la kwanza ilikuwa na skolaship 11.7 tu. Siyo 27 siyo 35, kumi na moja nukta saba, halafu kocha anazikatakata, huyu robo, huyu nusu, huyu vitabu tu, na mzazi unaongezea. Mwanangu aliwahi kuitwa na kocha mmoja, sitaki kumtaja, akamsifia nusu saa, mwisho wa yote hela aliyoahidi haikufika hata ada ya muhula. Baba yake alicheka mpaka machozi, mimi sikucheka.

Kwa hiyo kocha wa chuo ana kazi tatu, kufundisha, kushawishi wazazi, na kugawa umaskini. Na ukipata kijana mzuri kweli akimaliza mwaka wa tatu timu za kulipwa zinamchukua. Kukaa juu miaka 40 kwa mtindo huo mimi namvulia kilemba.

#18 Binti_Makorora
Mama shikamoo. "Kugawa umaskini" nimeiba hiyo.

#19 Bata_la_Baton_Rouge
Mama heshima yako. Lakini hiyo 11.7 ilikuwa ya kila mtu, LSU, Texas, wote. Wao wamebeba.

#20 Mtu_wa_Sheria
Sio ya kila mtu sawasawa. Kuna majimbo yana hela ya serikali ya jimbo kwa mwanafunzi mwenye alama nzuri, Georgia walianza na HOPE mwaka 1993, na hela hiyo haihesabiwi kwenye 11.7. Kocha wa jimbo hilo anampa kijana kidogo, jimbo linamalizia. Hapo uwanja umeinama tayari.

#21 Mlinzi_wa_Zamu
Na Florida nao wana yao inaitwa Bright Futures tangu 1997. Kwa hiyo Martin alifaidi zaidi ya nusu ya ukocha wake. Hoja yako inafika 1996 inaishiwa mafuta.

#22 Mtu_wa_Sheria
Mkuu nimetoa kanuni, hukumu andika wewe.

#23 Mutombo_Omaha
Bonjour bandugu. Miye niko hapa Omaha kabisa, sisi Bakongomani tuko mingi huku. Mu mwezi ya sita muji inajaa batu, hoteli bei inapanda, wanaeka gari mpaka mu kiwanja ya nyumba. Kijana wangu alikuwa anauzisha maji kule inje ya stade. Ile kiwanja ya zamani, Rosenblatt, waliifunga kisha 2010, sasa ni ingine iko karibu na centre-ville. Batu ya Florida State banakuyaka na mavazi yao ya rangi ya damu na dhahabu, banapiga muziki yao ya vita na mukono hivi juu chini. Bakipoteza banaenda pole pole. Nilizoea.

#24 Chapati_Mbili
Mutombo kwa hiyo wewe umeona begi likienda na begi likirudi.

#25 Mutombo_Omaha
Ndiyo ndugu, na banalipaka parking vizuri.

#26 ShemejiTally
Nimeambiwa natajwa huku. Mimi ndo shemeji. Kiberenge umeanzisha uzi bila kunitag, sawa.

Niko Tallahassee mwaka wa kumi na kitu sasa. Nyie mnamsoma huyu mzee kwenye jedwali, hamjui katokea wapi. Kazaliwa Charlotte, North Carolina, 1944. Kasoma chuo kidogo cha Wingate, akahamia FSU, na mwaka 1965 kacheza Omaha kama MCHEZAJI. Akaenda ligi ndogo za kulipwa miaka michache haikutiki, akarudi Tallahassee kufundisha, na unajua alikuwa kocha mkuu wa nini? Basketi. Chuo cha jamii cha hapa mjini. Mwaka 1975 akaingia kama msaidizi wa besiboli FSU. 1979 wakamleta Dick Howser kuwa kocha mkuu, kakaa msimu mmoja, New York Yankees wakamchukua. Kiti kikabaki wazi, msaidizi akakikalia, akakaa miaka 40.

Watu aliowatoa: Deion Sanders alipita hapo, J.D. Drew, Buster Posey. Posey alikuja kama shotistopu, mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu, wao ndo wakamgeuza kacha, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. 2008 akachukua Golden Spikes, na mwaka huo kuna mechi moja walimchezesha nafasi zote tisa uwanjani. Baadaye na San Francisco Giants akabeba ubingwa wa dunia mara tatu. Sasa huyo ni mwanafunzi wa twisheni aliyepata four?

Na mnataka kujua thamani ya mzee? FSU walikuwa wanaingia mtoano wa taifa kila mwaka unaochezwa tangu 1978. Yeye kaondoka 2019. Mwaka 2023 wakakosa, wamemaliza na ushindi 23 tu. Mji mzima ulikuwa kama umefiwa. Ndo watu wakaelewa kwamba zile 40 kila mwaka hazikuwa zinajileta zenyewe.

#27 Kiberenge
Shemeji karibu. Umeandika vizuri sana, neno kombe sijaliona kwenye maelezo yako, labda macho yangu.

#28 Hesabu_Kali
Shemeji kagusa kitu muhimu. Tunapima kilele tu hatupimi sakafu. Nani mwingine ana miaka 40 bila mwaka mbaya? Augie Garrido aliyeshika rekodi kabla yake alikuwa na 1,975, na makombe matano kweli (matatu Cal State Fullerton, mawili Texas), lakini Texas kuna miaka walikosa mtoano kabisa. Martin alimpita Mei 2018, na Machi 2019 akafika 2,000 dhidi ya Virginia Tech.

#29 Bata_la_Baton_Rouge
Sasa chagua wewe, nikupe Garrido mwenye makombe matano na miaka michache mibaya au Martin. Ukiwa rais wa chuo unachukua nani? Jibu kwa uaminifu, usilete sakafu na paa.

#30 Hesabu_Kali
Ukiniahidi kwamba hayo matano yatakuja tena nachukua Garrido. Hakuna anayeweza kuniahidi.

#31 Ustadh_Mkunazini
Assalam alaykum. Nimesoma tangu mwanzo, mnazungumza vigongo na skolaship, hakuna aliyesema moyo. Mtu akienda mahali mara nyingi akakosa, mahali hapo panamtisha. Wachezaji wanabadilika kila mwaka, wao hawana historia, lakini kocha ni yuleyule na waandishi wanamuuliza swali lilelile mwezi wa sita kila mwaka. Kijana wa miaka 20 anaona uso wa mwalimu wake. Nasikia kuna mechi ya 2008 waliachia mikimbio 11 awamu moja?

#32 Mlinzi_wa_Zamu
Ndiyo shekhe, dhidi ya Stanford, mechi ya kwanza Omaha. Ilikuwa 5-5 mpaka awamu ya tisa, Stanford wakaingiza 11, ikaisha 16-5. Na huo ndo mwaka wa Posey aliyebeba tuzo.

#33 ShemejiTally
Ustadh kwa heshima, hiyo ya moyo inasemwa baada ya matokeo. Bobby Bowden wa futiboli ya Kimarekani hapahapa FSU, marafiki na Martin, nae waliimba hivyohivyo kwamba anaogopa mechi kubwa, kila mwaka Miami wanamkosesha kwa teke la mwisho. 1993 akabeba, 1999 akabeba tena, wimbo ukafa. Chuo kilekile, mji uleule, mmoja kapata mmoja hajapata. Moyo umetokea wapi hapo?

#34 Ustadh_Mkunazini
Kwa hiyo unakubali kwamba inawezekana kupata ukiwa Tallahassee. Ahsante.

#35 Chapati_Mbili
Leo kila mtu anamsaidia mpinzani wake, uzi una baraka huu.

#36 Mwl_wa_Viungo_Dar
Mimi ni mwalimu wa michezo sekondari na nimeshika besiboli kidogo, Wajapani walisaidia kujenga uwanja wake pale Azania na shule kadhaa zinacheza. Nawaambieni kazi ya ukocha wa huu mchezo inachosha kwa sababu mtoto anashindwa kila siku. Mpigaji mzuri kabisa anafeli mara saba katika kumi na bado unamwita mzuri. Kazi yako kubwa siyo kumfundisha kupiga, ni kumzuia asikate tamaa jioni ili kesho arudi. Nina mtoto mmoja alitolewa mara tatu kwenye mechi ya shule akatupa glovu juu ya paa la choo, tukatafuta ngazi. Kwa hiyo mimi nikiona mtu kafanya hivyo miaka 40 bila kushuka chini ya ushindi 40, sihitaji kuona kabati.

#37 Muk_Ssebo
Waganda tuko hapa pia msitusahau, sisi watoto wetu walifika Williamsport kwenye mashindano ya dunia ya watoto 2012. Na Dennis Kasumba aliyekuwa anafanya mazoezi na matairi, video zake zilizunguka dunia nzima, 2023 alienda Amerika kucheza ile ligi ya MLB ya vijana wanaotafuta drafti, yaani kuchaguliwa na timu za kulipwa. Makocha wetu ni wa kujitolea, pesa hapana.

#38 Mama_Neema_TX
Mwanangu wa Uganda, hata huku walikuwepo wa kujitolea. Mpaka 2023 sheria ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo, ilisema timu ya besiboli iwe na kocha mkuu, wasaidizi wawili wa mshahara, na mmoja wa kujitolea asiyelipwa na chuo. Huyo wa kujitolea anafika kwanza anaondoka mwisho, anaishi kwa hela ya kambi za watoto za likizo. Mimi nimempikia mmoja pilau nyumbani, alikula sahani tatu, nikajua hali. Na hao ndo wanaokuja kuwa makocha wakuu baadaye, wakivumilia.

#39 Binti_Makorora
Haya nauliza na hili, aliyemrithi Martin ni nani? Maana nimeona jina linafanana.

#40 Fundi_Saa_Ilala
Dada umeuliza lile ambalo shemeji alikuwa analikwepa.

#41 ShemejiTally
Silikwepi. Mike Martin Jr., mwanae. Alikuwa msaidizi wa baba yake miaka mingi. Akapewa 2020, ikaja korona ligi ikafutwa Machi, 2021 na 2022 wakaingia mtoano wakatolewa hatua ya kwanza, wakamfukuza. Misimu mitatu. Wakamchukua Link Jarrett aliyekuwa shotistopu wa mzee miaka ya tisini, ndo katoka kuipeleka Notre Dame Omaha 2022. Jarrett huyohuyo ndo alipata ule mwaka mbovu wa 2023, halafu 2024 kawapeleka Omaha.

#42 Kiberenge
Kwa hiyo baba miaka 40, mtoto misimu mitatu tena mmoja ulikatwa na korona. Baba mwenyewe asingevumiliwa leo. Wameondoa uvumilivu kwenye mkataba.

#43 Mtu_wa_Sheria
Kiti cha umma kurithiwa na mtoto, tukisema hapa Afrika mnasema tunaonea watu.

#44 ShemejiTally
Mtu_wa_Sheria jamaa alikuwa na miaka zaidi ya ishirini kazini, ni mwalimu wa wapigaji anayejulikana nchi nzima, siyo katoka shule kapewa.

#45 Mlinzi_wa_Zamu
Mnaoongelea uvumilivu, angalieni 2024. Kocha wa Texas A&M, Jim Schlossnagle, kapoteza fainali kwa Tennessee. Palepale kwenye mkutano na waandishi kaulizwa kama anahamia Texas, mahasimu wakubwa wa A&M. Aliwaka kweli, akaona katukanwa. KESHO YAKE kahamia Texas. Yaani hata kibao cha matokeo kilikuwa hakijapoa.

#46 Chapati_Mbili
Huyo angekuwa bongo angetambulishwa Jangwani saa nne asubuhi na jezi ya Msimbazi ndani.

#47 Binti_Makorora
😂😂 na thank you ya Simba inatoka jioni.

#48 Fundi_Saa_Ilala
Na mwaka wake wa mwisho mzee alimalizaje? Shemeji tuambie hiyo bila kulia.

#49 ShemejiTally
2019 timu ilikuwa ya kawaida, wengi walisema kuingizwa kwenye zile 64 ni huruma. Wakaenda Georgia wakashinda kituo kwa Georgia wenyewe, wakaenda Baton Rouge (Bata unakumbuka) wakawapiga LSU mechi mbili mfululizo nyumbani kwao, ya pili ilifika awamu ya 12.

#50 Bata_la_Baton_Rouge
Nakumbuka. Endelea.

#51 ShemejiTally
Omaha mechi ya kwanza wakampiga Arkansas 1-0. Nilikuwa nimemwambia bosi naumwa. Halafu Michigan 2-0 dhidi yetu, halafu Texas Tech 4-1. Mechi tatu mikimbio miwili jumla. Timu ya mtu aliyejulikana miaka yote kwa kuingiza mikimbio. Mzee alifariki Februari 1, 2024, siku chache kabla hajafikisha 80. Uwanja wenyewe una jina lake, wameuita Mike Martin Field tangu 2005 yeye akiwa bado anafundisha.

#52 Bata_la_Baton_Rouge
Pole. Ila mechi tatu mikimbio miwili, rudi post #10.

#53 Hesabu_Kali
Mechi tatu ni sampuli ya mtoto mchanga, usianze.

#54 Muk_Ssebo
Hapo juu mmesema Posey. Siku hizi ndiye bosi wa Giants upande wa besiboli, na Oktoba 2025 kamchukua Tony Vitello, kocha wa Tennessee, kuwa meneja, yaani kocha mkuu. Vitello ni kocha wa kwanza kutoka chuo kwenda moja kwa moja kuongoza timu ya ligi kuu!

#55 Mlinzi_wa_Zamu
Siyo wa kwanza. Soma #26, Dick Howser alitoka kiti cha FSU 1979 kwenda Yankees 1980, na mwaka ule Yankees walishinda 103.

#56 Mtu_wa_Sheria
Nyote mna nusu. Howser alikuwa amecheza ligi kuu na amekaa Yankees kama kocha wa besi ya tatu miaka kumi kabla ya FSU. Vitello ndo wa kwanza kutoka chuo bila kuwahi kufundisha popote kwenye besiboli ya kulipwa. Hapo ndo tofauti.

#57 Kiberenge
Ngoja. Posey kalelewa na Martin. Siku ya kuchagua mtu wa kumpa timu, anamchukua kocha wa chuo mwenye KOMBE, na siyo kombe lolote, la 2024, ambalo njiani Vitello aliwatoa FSU haohao. Naomba msikilize mwanafunzi mwenyewe kasema nini kwa vitendo.

#58 ShemejiTally
Mechi ya kwanza ile iliisha 12-11, tulikuwa tunaongoza mpaka awamu ya tisa. Sitaki kuiongelea. Na Posey kuamini kwamba kocha wa chuo anaweza kazi ya ligi kuu, unadhani kalitoa wapi wazo hilo? Alikaa miaka mitatu chini ya nani?

#59 Bata_la_Baton_Rouge
Chuo ni mechi 56, kule ni 162, na wachezaji ni wanaume wenye wake na mawakala, huwezi kuwapigia kelele kama vijana wa mwaka wa kwanza. Mimi nampa Vitello misimu miwili.

#60 Mama_Neema_TX
Kijana, uliza mama yeyote wa mchezaji, vijana wa mwaka wa kwanza ndo wagumu kuliko hao wenye wake.